Kutafuta bendisoo ya banda la nyuma ya nyumba: shajara ya mradi

Februari mwanzoni

Basi imeamuliwa, banda linaingiza bendisoo, yaani msumeno wa mkanda. Sio sifa wala nini, ni hesabu ya mbao tu. Kazi zangu ni milango ya makabati, masanduku, fremu na droo, na siku hizi wateja wameshaona mtandaoni zile paneli ambazo mistari ya mninga inatazamana kushoto na kulia, yaani ubao mmoja umepasuliwa katikati halafu ukafunguliwa kama kitabu. Kila mtu anataka hiyo, na mninga bei yake mnaijua wenyewe.

Sekula yangu ya meza, yaani msumeno wa bledi ya duara, ni ya inchi 10. Ukiipandisha mpaka mwisho bledi inatoka juu ya meza milimita 80 hivi. Ubao wa inchi 2 kwa 8 ukiusimamisha una milimita 200, kwa hiyo napitisha upande mmoja, nageuza, napitisha upande wa pili, nimekata 160, na katikati kuna milimita 40 zinanisubiri na msumeno wa mkono. Mninga mkavu huo. Bega linauma mpaka usiku.

Halafu kuna kile kinacholiwa na mashine yenyewe. Sekula inakula milimita 3 kila ikipita, bendisoo inakula karibu 1. Chukua ubao wa milimita 50, unataka vipande vya milimita 9: kwa sekula unapata vinne (36 ya mbao na 9 ya vumbi, kinachobaki hakitoshi kipande), kwa bendisoo unapata vitano, 45 ya mbao na 4 ya vumbi. Hiyo ni kwenye karatasi, maana mbao za Buguruni zikiitwa inchi 2 usiende na imani sana, nenda na tepu. Lakini ukweli unabaki pale pale, kipande cha tano nilikuwa nakifagia na kukitupa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa nimeandika kwenye daftari sio bei, ni inchi 8. Mashine isiyopitisha inchi 8 kwa kusimama siitaki hata kama inang'aa.

Wiki iliyofuata

Nimesoma sana wiki hii na kuuliza watu. Kinachowachanganya wengi ni saizi. Ukiambiwa bendisoo ya "inchi 14" hiyo ni kipenyo cha magurudumu yanayozungusha bledi, inakuambia nafasi iliyopo kati ya bledi na nguzo ya pembeni, haikuambii chochote kuhusu urefu wa mbao itakayopasua. Muuzaji mmoja Kariakoo kanishikilia kabisa, "bro hii ni 14, inapasua 14". Nikamwomba tepu. Tukapima, inchi 6. Akaniambia basi nipunguze ubao.

Na kweli zile za kasti (chuma cha kumiminwa) za mtindo wa zamani za inchi 14 zinatoka na inchi 6 tu, milimita 150 kasoro kidogo au zaidi. Huo muundo ni wa kampuni ya Delta ya Marekani wa miaka ya 1930, viwanda vya Taiwan na China vikaja kuunakili mpaka leo, ndio maana ukiziona kumi za majina tofauti zote zinafanana sura. Uzuri wake ni kwamba nguzo imeungwa katikati kwa boliti, unaweza kufungua ukaweka kipande cha kuongeza urefu, ikawa inchi 12. Bledi nayo inarefuka, kutoka inchi 93 na nusu mpaka 105.

Nilizoziweka mezani na kuziondoa:

Vile vidogo vya kuweka juu ya benchi, inchi 8 au 9. Vinapitisha kama milimita 80, mota ya wati 300 na kitu. Kwa anayekata midoli ya watoto na herufi za plaiwudi ni sawa kabisa, wala sivicheki. Kwa mninga uliosimama utaanza asubuhi.

Makita LB1200F. Hii iliniumiza roho maana ni mashine safi, wati 900, spidi mbili, vipea vyake havisumbui kupata. Lakini inapitisha milimita 165. Mimi nataka 200. Nimekaa na ile karatasi ya vipimo nikitafuta hizo milimita 35 kama vile zimejificha mahali, hazipo.

Hitachi CB75F, zile zinazokuja na mzigo wa mitumba kutoka Japani. Hii ndio mashine ya kupasua haswa, bledi yake ina upana wa milimita 75, inanyooka balaa. Tatizo la zile za soko la Japani ni umeme wa volti 100, unahitaji transfoma nzito, na bledi ya 75 kwa hapa mjini kuichomelea na kuinoa sio kila fundi anakubali. Pia kona haikati, bledi pana hivyo haigeuki. Mimi nataka mashine moja ifanye yote mawili.

Jumamosi, Keko

Nimezunguka Keko kuangalia zile za kuundwa hapa hapa. Wengi wanazidharau, mimi siwezi. Fundi wa kuchomelea anachukua angle aini na chaneli nzito, magurudumu anachongesha kwa fundi wa lezi au anatumia rimu, anafunga mota, na inafanya kazi miaka. Nusu ya vitanda unavyoviona barabarani pale miguu yake imekatwa kona kwenye mashine za namna hiyo.

Kuna mzee pale ana yake, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu." Nikamwambia natafuta mashine ya nyumbani, nikamwonyesha na picha kwenye simu za zile mpya za China. Akaziangalia, akarudisha simu, akauliza, "Mwanangu, unataka mashine ya kukatia au ya kupigia picha?" Akaiwasha ya kwake akapitisha kipande cha mkongo, kikakatika vizuri tu. Nikaomba niweke sarafu ya shilingi 200 juu ya meza isimame kwa ubavu, kupima mtetemo. Ikaanguka kabla sijaiachia. Mzee akacheka, akasema yeye hakati sarafu.

Ana haki yake. Kwa kukata miguu ya vitanda mtetemo sio tatizo, ukingo utapigwa randa na msasa. Kwa kupasua paneli ya milimita 9 mtetemo unaandika mawimbi kwenye uso mzima wa ubao, na kila wimbi inabidi uliondoe kwa randa, yaani ile milimita uliyookoa unairudisha kwenye maranda. Pia za pale nyingi ni fezi tatu. Kinga ya juu ya bledi nyingi hazina, gurudumu liko wazi. Nyumbani kwangu kuna watoto wanaingia bandani bila hodi, hiyo peke yake ilitosha.

Umeme, jioni

Fundi umeme amekuja. Laini ya nyumba ni fezi moja, volti 230 kwa karatasi, lakini saa moja jioni mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na feni mita ilisoma chini ya 200. Kaniambia mota ya nguvu-farasi moja na nusu, yaani kilowati 1.1, itavuta kama ampea 7 au 8 ikiwa imeshashika mwendo, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo volti zikiwa chini itanung'unika na koili zitachemka. Suluhisho lake rahisi: waya wa 2.5 kutoka kwenye meni switchi moja kwa moja mpaka bandani, brika yake peke yake, na kupasua nifanye mchana. Sikubishana.

Kwanini moja na nusu? Kwa sababu kukata kona kwenye ubao wa inchi moja hata nusu nguvu-farasi inatosha, ila kwenye inchi 8 za mninga meno mengi yanakuwa ndani ya mbao kwa wakati mmoja na kila jino linadai chake. Moja naona itahema. Tatu hainisaidii kitu, laini yenyewe haibebi.

Bledi (hapa nimekaa muda)

Kiukweli nimefikia mahali naamini kwamba unanunua bledi, mashine ni kitu cha kuizungusha tu. Mashine ya wastani yenye bledi nzuri itakushangaza na mashine ya mamilioni yenye bledi butu ni kelele.

Meno kwanza. Kanuni ya mafundi ni angalau meno matatu yawe ndani ya mbao muda wote, lakini yasizidi sana maana unga wa mbao unakosa pa kukaa. Kwenye ubao wa milimita 200 ukiweka bledi ya meno 14 kwa inchi, yale mabonde madogo kati ya meno yanajaa kabla bledi haijatoka chini, ukishajaa unga bledi inaacha kukata inaanza kusugua, inapata moto, inapinda. Kwa kupasua nataka meno 3 kwa inchi, upana nusu inchi. Kwa kona robo inchi, meno 6.

Upana unaamua kona. Bledi ya nusu inchi inazunguka duara lenye nusu kipenyo cha inchi 2 na nusu hivi, robo inchi inashuka mpaka milimita 16. Ukilazimisha zaidi ya hapo ama inatoka kwenye gurudumu ama inakatika, na ikikatika utaruka hata kama ulikuwa unajua itakatika.

Unene ndio watu wanausahau. Kuna jamaa anauza bledi zilizotoka kwenye mashine za kupasulia magogo, zile za Wood-Mizer, bei ya kutupa, na anakuambia atakukatia kipande akuchomelee saizi yako. Zile ni nene, milimita moja na zaidi. Kwenye magurudumu ya inchi 14 chuma nene kinakunjwa na kunyooshwa kila mzunguko, mara mia kadhaa kwa dakika, mwisho kinapata nyufa kwenye mabonde ya meno. Kwa saizi yangu ni milimita 0.6. Bei ya kutupa utaitupa kweli.

Habari njema ni kuchomelea. Huu msumeno hataza yake ilitoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 kwa William Newberry, ila ukakaa miaka bila kazi kwa sababu hakukuwa na namna ya kuunga ncha mbili za bledi zisikatike, mpaka Wafaransa walipokuja na njia yao miaka ya 1840. Leo mnoaji wa misumeno mjini ana kimashine cha kuungia, anabana ncha mbili, anapitisha umeme, zinashikana, halafu anazipasha tena taratibu ili zile sehemu zisibaki ngumu na kuvunjika kama hazikupoa vizuri, anasawazisha kwa jiwe. Nimemwona akijaribu yake kwa kuikunja duara dogo mkononi, ikikubali anakupa. Kwa hiyo urefu wa bledi sio kitu cha kuogopa, hata mashine ikitaka urefu wa ajabu unanunua roli unakatiwa. Hilo limebadilisha kabisa orodha yangu, nilikuwa nimeshaziondoa mashine mbili kwa sababu ya urefu wa bledi tu.

Na mbao zetu zinaua bledi, tuseme ukweli. Tiki ya Longuza au Mtibwa ina mchangamchanga ndani yake unaokula makali. Mvule ndio usiseme, una mawe kabisa, chokaa iliyogandia ndani ya gogo, unakata vizuri halafu ghafla cheche, meno kwisha. Ndio maana mimi na zile bledi za gharama zenye meno ya kabaidi tutakutana siku nyingine, kwa sasa za chuma cha kawaida zinazonoleka.

Machi, imepatikana

Jamaa mmoja anafunga karakana ya marehemu baba yake, Kibaha. Bendisoo ya kasti, inchi 14, ya Taiwan, na kipande cha kuongeza urefu kimeshafungwa tayari. Nimepima mara mbili kutoka mezani mpaka mwisho wa gaidi za juu (vile vishikizo vinavyoiongoza bledi isiyumbe), inchi 12 kasoro kidogo. Mota ya fezi tatu. Rangi hakuna.

Nilichoangalia, kwa mpangilio wa umuhimu wangu. Magurudumu kwanza: nimetoa bledi, nimezungusha kila moja kwa mkono huku nimeshika penseli karibu na ukingo wake, kama linayumba utaona penseli inaguswa na kuachwa. Yako sawa. Halafu rula ndefu ya chuma kutoka gurudumu la juu mpaka la chini kuona kama yako kwenye mstari mmoja, tofauti ipo ndogo, inarekebishika. Mipira ya magurudumu imepasuka kama ardhi ya kiangazi... imekufa. Springi ya kukazia bledi imelala, imechoka. Nguzo inayoshika gaidi za juu, hii watu hawaangalii, nimeipandisha na kuishusha huku nimeweka skwea pembeni ya bledi, ikihama ukishusha utarekebisha gaidi kila ukibadilisha unene wa mbao mpaka uchoke. Haijahama. Meza iko bapa, ina kutu ya juu juu tu.

Beringi za nyuma ya bledi zimekwama, hazizunguki, bledi imezichimba mfereji. Hii haikunitisha hata kidogo maana ni beringi za 6202, hizo hizo zinazofungwa kwenye pikipiki na mota za pampu, milimita 15 ndani na 35 nje, unazikuta duka lolote la beringi.

Ile mpya ya China ya fremu ya bati nzito nilikuwa nimeshaikaribia, mota fezi moja, inapitisha milimita 250 na ushee, bei yake mara mbili na zaidi ya hii. Ni mashine nzuri na kama mtu hana muda wa kuchezea spana namshauri achukue hiyo. Kilichonipeleka kwenye kasti ni uzito, mtetemo unamezwa, na kwamba hakuna kitu ndani yake ambacho siwezi kukipata au kukichongesha hapa mjini. Ile mpya gaidi zake ni za umbo la peke yake, plastiki imebanwa na kasti laini, ikivunjika unasubiri meli.

Tumeelewana bei, tumeipakia kwenye Kirikuu. Vijana wanne na bado ilitutoa jasho.

Wikiendi ya spana

Mota kwanza. Nilikuwa na njia mbili. Ile ya fezi tatu ina kibao cha 220/380, kwa hiyo ingekubali invata, unaingiza fezi moja inatoa fezi tatu za 220, unaunganisha koili za mota kwa mtindo wa delta, yaani pembetatu, na unapata hata kurekebisha spidi. Inavutia kweli. Lakini invata ni kifaa cha elektroniki ndani ya banda la vumbi kwenye laini inayopanda na kushuka, na ikiungua hakuna wa kuitengeneza mtaani kwetu. Nimeenda na mota ya fezi moja yenye kapasita mbili, nguvu-farasi moja na nusu. Ikiungua koili inafungwa upya na fundi yeyote wa mota kabla ya Ijumaa.

Puli sasa. Mota ya poli nne kwenye umeme wetu wa hezi 50 inazunguka kama 1420 kwa dakika, sio 1725 kama zinavyoandikwa kwenye vitabu vya Marekani ambako umeme ni 60, kwa hiyo ukinakili puli zao mashine yako itakuwa goigoi. Gurudumu la inchi 14 mzunguko wake ni mita 1.117. Nataka bledi itembee karibu mita 900 kwa dakika, maana yake gurudumu lizunguke kama mara 805. Puli ya gurudumu ni milimita 150, kwa hiyo ya mota iwe 85. Fundi lezi kanichongea, mkanda wa V wa kawaida.

Mipira ya magurudumu nimeagiza ya yurethani. Inakuja midogo kuliko gurudumu makusudi, unailoweka kwenye maji ya moto inalainika, unaivuta haraka kabla haijapoa. Sufuria niliyotumia ni ile kubwa ya pilau na mama watoto alinikuta katikati ya zoezi, mambo ya hapo tuyaache. Wa kwanza umeingia kirahisi, wa pili tulishika watu wawili na koleo za kubana.

Springi mpya, beringi mpya, gaidi zimesogezwa mpaka nafasi ya unene wa karatasi kila upande. Beringi ya nyuma isiguse bledi mpaka uanze kukata. Shilingi 200 imesimama kwa ubavu mashine ikiwa inanguruma, imekaa mpaka nikaichoka.

Machi mwishoni, mkato wa kwanza

Mninga 2 kwa 8, futi 2 na nusu. Bledi nusu inchi, meno 3. Nimeuranda uso mmoja na ukingo mmoja kwanza, maana ukiupeleka ubao uliopinda utaishia kuilaumu mashine bure.

Kila bledi ina upande inaopenda kwenda. Nimechora mstari kwenye kipande cha paini, nikakata bila fensi (ile kingo ya kuegemezea ubao) huku nafuata mstari, katikati nikasimama bila kusogeza mkono, nikaona kabisa ubao umekaa pembe kidogo kulia. Hiyo pembe nikaichora mezani na fensi nikaifunga kwa pembe hiyo hiyo. Watu wengi fensi wanaifunga sambamba na meza halafu bledi inawatoroka, wanaongeza kukaza mpaka springi inalala tena.

Gaidi ya juu nimeishusha mpaka kidole kimoja juu ya ubao. Glavu hapana, kamwe, zinavutwa. Kijiti cha kusukumia mwishoni.

Umeenda taratibu, sauti moja, mota haikushuka. Vipande nilivyovifungua viko na mawimbi madogo ambayo randa ya mkono inayamaliza kwa mipito michache. Unene nimepima juu na chini kwa kalipa, tofauti nusu milimita. Kwa ubao wa inchi 8 nimeridhika. Na mistari inatazamana, wacha tu.

Vumbi limenishinda. Ni jembamba kuliko la sekula, linabaki hewani, na vumbi la mbao IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, walishaliweka kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, hiyo sio ya kupuuzia na barakoa ya kitambaa. Chini ya meza hakuna tundu la kuvutia, mashine ya enzi zake. Wiki ijayo fundi bati anatoboa mlango wa chini tufunge bomba la inchi 4 karibu kabisa na pale bledi inapotokea, na kabla ya hapo sipasui mvule wa mtu. Mteja wa kabati la Kimara nimeshampigia, anasubiri.